Kanda Iliyovunjwa Jino

Jumamosi tarehe 29 Agosti 1987, saa nne na dakika ishirini asubuhi, watu kumi na wanne walikuwa wamebanana sebuleni kwa marehemu Mzee Gerishon Nderitu, Kawangware, wakikodolea macho televisheni isiyoonyesha chochote. Chengachenga tu, na mvumo wa kuudhi masikio.

"Ngojeni, bado inazunguka," alisema Okeyo, fundi wa redio aliyepanga chumba cha nyuma. Televisheni na mashine ya video zilikuwa zake.

Wakangoja dakika tano. Wakangoja kumi. Mzee mmoja wa kanisa akakohoa. Mwishowe Okeyo akaitoa kanda, akaigeuzageuza, na uso ukambadilika.

"Hii haina kitu," akasema. "Ni tupu."

"Na karatasi iko wapi?" Wakarima, bintiye marehemu, alikuwa ameshasimama. "Baba alibandika karatasi akaandika jina lake kwa mkono wake. Hii si kanda ya Baba!"

Hapo ndipo kelele zilipoanza, na zilikuwa na sababu. Jumapili ya tarehe 2 Agosti Mzee Gerishon aliwaita watu kwa sala ya shukrani. Katikati ya nyimbo na ngemi, yaani vile vigelegele vya akina mama wa Kikuyu, alimshika mkono mpiga video, akaingia naye chumbani, akafunga mlango. Aliiambia kamera nani atachukua nini katika ploti yake. Kisha akaidai kanda palepale, akasema ifunguliwe akishaondoka. Baada ya siku kumi na moja akaondoka kweli.

Karatasi ya wakili hakuiacha. Muigai, mwanawe wa pekee, alikuwa akisema babake alimwachia kila kitu kwa mdomo, na kwamba Wakarima, aliyerudi na watoto watatu kutoka kwa mumewe, ahame kabla ya Septemba kwisha. Wakarima alikuwa na jibu moja tu: ngojeni kanda. Wote walijua maneno ya mwisho ya mzee hayachezewi. Hata Muigai, na ukali wake wote, hangethubutu kuyapinga mbele ya watu akishayasikia yakitoka kinywani mwa babake. Laana ya mzazi haina rufaa.

Sasa kanda ilikuwa imekwenda, na mama na watoto wake watatu hawakuwa na pa kwenda.

"Ni huyu!" Muigai alimkaba Okeyo shingo. "Nani mwingine hapa ana mashine ya video? Wewe ulijua nitakutoa kwa hiyo chumba!"

Koplo Urbanus wa upelelezi alifika saa tano na robo. Alikuwa Mkamba mnene, mtaratibu, mwenye kijitabu cha jalada jeusi na tabia ya kuandika saa ya kila kitu. Mtu wa kusifiwa, kwa kawaida. Siku hiyo hakuwa wa kusifiwa, na yeye mwenyewe atakuambia hivyo ukimuuliza.

Alianza na Wakarima, jikoni.

"Kanda ilikaa wapi?"

"Kwa kabati ya Baba, ndani ya boksi yake. Ufunguo ninakaa nao mimi."

"Nani aliingia humo chumbani tangu mazishi?"

Wakarima alihesabu kwa vidole. "Muigai alikuja Jumanne, akataka ufunguo, nikamkatalia, tukagombana. Jumatano saa kumi jioni alikuja Wesonga, yule wa video kutoka Kibera, kutoa pole. Masikini, alileta hata sukari. Alitaka kuona mahali alimpiga Mzee picha, nikamfungulia, nikaenda kuweka chai. Ijumaa ni Okeyo, alipita na waya za televisheni."

"Jumatano kabati ilikuwa imefungwa?"

Wakarima akafikiri. "Nilikuwa nimetoa vikombe vya wageni. Si vinakaa humohumo?"

Urbanus aliandika. Kisha, badala ya kuyasoma aliyoyaandika, akamsikiliza Muigai aliyekuwa akinguruma nje kwamba mwizi yuko hapahapa, ana mashine, ana sababu, mnangoja nini? Umati ulikuwa umeshajaa langoni. Saa saba Okeyo alitolewa mbele ya majirani, pingu mikononi, watoto wakimfuata wakiimba mwizi. Kituoni Urbanus aliwaambia askari wawili, "Mlainisheni kidogo, aseme ameificha wapi." Akaenda zake kula.

Saa kumi jioni hiyo alikuwa Kibera, ukingoni mwa Soko la Toi, ambako Phanuel Wesonga alikuwa na studio yake: chumba kimoja cha mabati, pazia la buluu, na picha za maharusi ukutani. Wesonga alikuwa kijana mwembamba wa Kibukusu, shati limepigwa pasi, sauti ya upole.

Urbanus alimpa ile kanda tupu. Wesonga aliitazama upande mmoja tu.

"Hii si yangu, afande. Yangu ilikuwa na karatasi, Mzee aliandika jina. Hata kampuni ni tofauti."

"Mlikuwa wangapi chumbani?"

"Mimi na yeye tu."

"Basi kumbe kesi imeisha! Alisema ploti ni ya nani?"

Wesonga alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Aliongea Kikuyu mwanzo hadi mwisho, afande. Mimi mtu wa Bungoma. Nilikuwa nashika kamera tu."

Urbanus alivutiwa na mashine. Kamera ilikuwa imefungwa waya hadi kwenye kinasa kilichobebwa begani, na kwenye kinasa palikuwa na kitufe cha kuzungusha chenye namba sifuri hadi kumi. Kando yake palikuwa na plasta nyeupe yenye alama mbili za kalamu. Kwenye saba paliandikwa MANENO. Kwenye mbili, NGEMI.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya sauti inayoingia kwa maiki. Hapa Nairobi kazi yangu yote ni harusi na kanisa, na wamama wakipiga ngemi, ukiacha hiyo kitu kwa saba, sauti inapasuka. Unasikia tu krrr, hakuna dawa. Kwa hivyo wakianza, nateremsha hadi mbili. Wakimaliza, napandisha."

"Na unajuaje imeingia sawa?"

"Kuna spika za masikio." Alionyesha msumarini. Zilikuwa zimening'inia, waya mmoja umekatika. "Ziliharibika Julai. Siku hizi naenda na mazoea."

Urbanus aliandika hilo pia. Halikumwambia kitu. Aliaga, na Wesonga alimsindikiza hadi barabarani kwa heshima zote.

Jumatatu asubuhi, saa mbili na nusu, Urbanus alimkuta Okeyo amekaa sakafuni kwenye selo, mkono wa kulia ameupakata. Vidole vilikuwa vimevimba, viwili havikunji.

"Umeamua kusema?"

"Nimeamua kuuliza," alisema Okeyo. Sauti yake ilikuwa kavu. "Hiyo kanda yenye mnasema niliweka, mbona hamjaniambia niiangalie? Mimi ndiye fundi hapa."

Ilikuwa kweli, na Urbanus alihisi joto masikioni. Alikwenda akaileta.

Okeyo aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaigeuza mgongo. "Ona hapa, kwa pembe. Kanda mpya ina kijino cha plastiki. Ukikivunja, mashine inakataa kurekodi juu yake. Watu huvunja ndiyo harusi yao isifutwe na mechi ya mpira. Hii imevunjwa."

"Ehe?"

"Ehe nini? Afande, kanda ni tupu! Nani anavunja jino la kanda tupu? Umeiharibu, hairekodi tena, na haina kitu cha kulinda. Mimi nikitaka kuiba ya Mzee niweke nyingine, si ningeweka vile ilitoka dukani? Muigai je? Huyo hata hajui kanda ina jino."

"Sasa nani?"

"Mtu mwenye mkono wake unavunja bila yeye kufikiri," alisema Okeyo. "Kama vile wewe unaandika saa."

Urbanus alikitazama kijitabu chake. Alijua ni nani. Alijua pia kwamba kama angeuliza swali hilo Jumamosi saa sita mchana, kabla ya pingu, vidole vya fundi huyu vingekuwa vizima. Hakuna kitu kinachochoma kama kufundishwa kazi yako na mtu uliyemwonea.

"Okeyo," alisema, "nimekukosea."

"Umenikosea, ndiyo," alijibu Okeyo, wala hakuongeza neno la kumpunguzia.

Urbanus alimtoa mwenyewe, akampeleka kwa daktari.

Jumanne tarehe 1 Septemba, saa tatu asubuhi, Urbanus aliingia tena kwenye studio ya Toi. Safari hii alikuwa na mfuko wa karatasi.

"Wesonga, leo nimekuja kwa yangu. Kuna ubatizo wa mtoto Jumapili. Nimenunua kanda, lakini naogopa zile feki za mjini. Hebu niangalizie kama ni nzima."

"Hakuna shida, afande. Karibu kiti."

Wesonga alifungua ganda, akaiingiza kanda kwenye mashine, akaizungusha mbele, akatazama chengachenga kwenye televisheni, akaizungusha nyuma.

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Mwende."

"Jina zuri." Aliitoa kanda, akaokota bisibisi ndogo mezani huku bado anatabasamu, akaipachika kwenye pembe. Tak. Kijino kilirukia sakafuni.

Wesonga alikitazama. "Aa! Woi, afande, pole! Nimeharibu kanda yako. Mkono huu, jamani, kila kanda ikitoka kwa mashine unafanya tu. Nitakununulia ingine, usi..."

Hakumaliza. Urbanus alikuwa ametoa ile kanda nyingine kutoka mfukoni, ya Kawangware, akaiweka mezani kando ya hii, migongo juu. Pembe mbili tupu, zimefanana.

"Hii nayo uliijaribu kwanza kwa mashine, uone kama ni tupu kweli," alisema. "Halafu ikatoka."

Wesonga alikaa chini. Hakukataa. Nafikiri alikuwa amechoka kungoja mtu aje.

"Ni Muigai alikutuma?"

"Hapana."

"Alikulipa nani?"

"Hakuna mtu alinilipa, afande."

"Basi kwa nini? Ploti si yako, lugha huijui, ugomvi si wenu!"

Wesonga alinyoosha kidole kwenye kinasa, kwenye ile plasta. Urbanus alikifuata kwa macho. Saba, MANENO. Mbili, NGEMI. Na zile spika za masikio zilizokatika waya, msumarini. Ndipo akaelewa yote, akajiona mjinga mara ya pili kwa juma moja, maana aliambiwa Jumamosi, akaandika kwa mkono wake.

"Wamama walikuwa wanapiga ngemi sebuleni," alisema.

"Nilikuwa nimeteremsha. Mzee akanishika mkono, twende, twende. Nikaingia, nikafunga mlango, nikaanza kupiga. Akaongea dakika kumi na mbili. Sikukumbuka kupandisha. Nilifika nyumbani Silanga, nafungua begi nipanguse mashine, nikaona kitufe iko kwa mbili."

"Ulijua siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

Urbanus alifungua kijitabu chake. "Tarehe mbili. Mzee alikufa tarehe kumi na tatu. Siku kumi na moja, Wesonga! Alikuwa hai, ana mdomo. Si ungerudi tu umwambie, Mzee, samahani, tuseme tena?"

"Nilienda." Wesonga alikuwa ameanza kulia. "Mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta nje na wazee wenzake, anawaambia, ona huyu kijana wa Kibera, huyu anajua kazi, mtu akitaka video amchukue. Ningesema nini mbele yao? Nikanywa chai nikarudi. Mara ya pili sikufika hata kwa gate. Nikasema nitaenda Jumapili. Alhamisi wakaniambia amekufa."

"Ukaiba."

"Wangeifungua mbele ya kanisa lote, wasikie kimya. Kawangware yote, Kibera yote: Wesonga aliharibu maneno ya maiti. Nilisema bora waseme imeibwa. Nikaweka ingine boksi isiwe nyepesi, Wakarima asigundue ni siku yenye nilikuja." Alijipangusa pua. "Ni aibu, afande. Hakuna kitu kingine. Ni aibu tu."

"Na Okeyo? Ulisikia ameshikwa?"

"Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilisema labda watamwachilia Jumatatu."

Mkono wa Urbanus ulikuwa umeshapanda. Ulifika usawa wa sikio la kijana, ukasimama. Alikumbuka vidole viwili visivyokunjika, akaushusha polepole, akautia mfukoni.

"Iko wapi?"

Ilikuwa Silanga, chini ya kitanda, imefungwa kwa kitambaa cha kanisani. Hakuwa ameichoma. Alisema alijaribu, akashindwa, kwa sababu ya ile karatasi yenye jina.

Saa tisa alasiri watu walewale kumi na wanne walikaa katika sebule ileile. Okeyo alikuwa ameweka sharti moja kwa Urbanus: walioniona nikitolewa na pingu wanione nikirudi, na mimi ndiye nitakayeicheza hiyo kanda. Aliingia mkono wa kulia umefungwa bendeji. Hakuna aliyeweza kumtazama. Muigai alijitia kufunga kamba ya kiatu. Urbanus alisimama katikati ya chumba, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Okeyo hakuiba chochote, kwamba aliumizwa kwa amri yake yeye Urbanus, na kwamba ni Okeyo aliyefumbua kesi. Kisha akaeleza ni nani aliyeiba.

Wesonga alikuwa amesimama karibu na mlango, kati ya askari wawili, macho chini.

"Msijisumbue kuicheza," alisema taratibu. "Nilijaribu kwa televisheni yangu. Hakuna kitu."

"Televisheni yako ina spika ya kopo," alisema Okeyo bila kugeuka. Alikuwa akiunganisha waya kwa mkono wa kushoto na meno, kutoka kwa mashine ya video hadi kwenye amplifaya kubwa ya mikutano ya injili aliyokuwa akiitengeneza. "Sauti ikiingia kubwa ikapasuka, hiyo imekufa. Ndogo haijakufa. Ndogo inavutwa. Ungekuja kwangu tarehe tatu, ningekuvutia bure. Hata yeye Mzee hangejua."



Okeyo akawasha. Mzee Gerishon akatokea, koti la kijivu, amekaa kitandani, midomo inacheza kimya. Okeyo akazungusha amplifaya. Kukaja mvumo, kama mvua juu ya mabati. Akazungusha zaidi, hadi mwisho, na ndani ya mvumo huo, mbali lakini wazi, mzee alikuwa akizungumza Kikuyu.

Wakarima aliziba mdomo kwa leso.

Alisema nyumba ya mbele na duka ni vya Muigai. Alisema vyumba vya nyuma, vyote sita, na kisima, ni vya Wakarima na watoto wake, na atakayemtoa humo asije kusimama juu ya kaburi lake. Alisema pia kwamba binti yake alipokuja mara ya kwanza, amepigwa, yeye alimrudisha kwa mumewe kwa sababu aliogopa wazee wenzake watamcheka. "Hilo nilikosa," alisema yule mzee mdogo ndani ya mvumo. "Nilishindwa kumwambia usoni, ndiyo maana naiambia hii mashine."

Muigai alivua kofia. Mzee wa kanisa aliinama hadi kipaji cha uso kikagusa fimbo yake. Wakarima alikuwa akilia bila kujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mle kwenye televisheni Mzee Gerishon alipangusa macho, akamtazama mtu aliye nyuma ya kamera. Akabadili lugha, akasema Kiswahili.

"Kijana, imeingia yote?"

Aliyejibu alikuwa karibu na maiki kuliko mzee, na amplifaya ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Sauti ilipiga chumba kizima, vikombe vikatikisika mezani.

"Yote, Mzee! Kila neno!"

Picha ikakatika. Wesonga alimgeukia Urbanus. "Afande, nitoe nje," alinong'ona. "Tafadhali."

Kabla Urbanus hajajibu, Wakarima aliinua mkono.

"Rudisha nyuma, Okeyo," alisema. "Nataka kumsikia Baba tena. Tangu mwanzo hadi mwisho."

Okeyo akabonyeza, na kanda ikaanza kuzunguka.